Tezi ya Shingo na Moto wa Mwili

(Maneno yaliyosemwa bwaloni mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Katibu wa umoja wetu aliponiandikia niseme machache leo, alipendekeza nizungumzie wajibu wa kijana katika maendeleo ya nchi. Nilimjibu kwamba mada hiyo nimeisikia ndani ya bwalo hili tangu nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 1995, wala sina la kuiongezea. Nikamwomba ruhusa nizungumze juu ya kiungo kimoja kidogo cha mwili. Mimi si daktari. Chuo Kikuu nilisoma takwimu, na serikalini ninashughulika na mipango. Lakini kiungo hiki kilinifundisha kwa fimbo, na tena nina deni katika shule hii ambalo haliwezi kuelezeka bila ya kukitaja.

Wekeni vidole shingoni, chini kidogo ya kikoromeo, kisha mmeze mate. Hapo, mbele ya bomba la hewa, imekaa tezi yenye mabawa mawili kama kipepeo. Kwa mtu mzima uzito wake ni gramu 15 hadi 25 hivi. Msione ajabu kama hamkuigusa, maana tezi nzima haigusiki kwa urahisi. Vitabu vyetu huiita tezi dundumio, na madaktari huiita thairoidi. Mimi nitaiita tezi ya shingo, tuelewane.

Mwaka 2019, nikiwa na miaka 38, nilianza kupoa. Sina neno jingine. Ofisini wenzangu waliwasha feni, mimi nikavaa koti. Nilikula kidogo kuliko zamani na bado suruali zikanibana. Sauti ikawa nzito kama ya mtu aliyeamka usingizini, ngozi ikakauka, choo kikawa cha shida. Nilisinzia katika vikao, na si kikao kimoja. Majalada yaliyoletwa Jumatatu niliyakuta mezani Ijumaa nisikumbuke yameletwa na nani. Mke wangu alisema ameolewa na kijana lakini sasa anaishi na babu. Nilitibiwa malaria mara mbili, na mara zote mbili vipimo havikuonyesha malaria. Mwishowe mkuu wangu wa kazi aliniandikia barua ya kunitaka nieleze kwa maandishi kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu kwa uzembe. Simlaumu. Kwa yale aliyoyaona kwa macho yake, ningekuwa yeye ningeandika barua ile ile.

Daktari aliyenitambua alikuwa kijana mdogo, bado yuko mafunzoni. Alinihesabu mapigo ya moyo, akapata 52 kwa dakika, akashangaa kwa kuwa mimi si mkimbiaji. Akanipigisha magoti kwenye kiti na kunigonga nyuma ya kisigino kwa kinyundo cha mpira. Mguu uliruka kama kawaida, lakini kurudi ulirudi polepole, kama mlango wenye bawaba za kutu. Akagonga tena, akatabasamu, akaandika karatasi ya maabara. Majibu yalipotoka akaniambia, "Mzee, TSH yako imezidi 60. Ya mtu mwenye afya huwa kati ya 0.4 na 4 hivi." Nilidhani nimefaulu mtihani.

Sasa niwaeleze maana ya namba ile, kwa kuwa ndiyo njia fupi ya kuelewa jinsi tezi hii inavyofanya kazi.

Ugali na maharage mnayokula hapa havina faida mpaka vivunjwe na kuchomwa ndani ya seli kwa oksijeni. Nguvu inayopatikana hujenga misuli na mifupa, huendesha moyo na ubongo, na sehemu kubwa hutoka ikiwa joto. Shughuli yote hiyo ya kujenga na kubomoa ndiyo iitwayo umetaboli. Hata ukilala fofofo moto ule hauzimiki, unaendelea kuwaka kwa kiasi chake. Na anayeamua kiasi chenyewe, kwa sehemu kubwa, ni hii tezi ya gramu 20. Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1895 huko Berlin, Adolf Magnus-Levy aliwalisha watu tezi za wanyama, akapima oksijeni wanayotumia wakiwa wamepumzika. Aliona inapanda.

Tezi hutuma amri zake kwa homoni mbili. Ya kwanza ni thairoksini, ambayo wataalamu huiita T4 kwa sababu kila chembe yake imebeba atomu nne za iodini, yaani yale madini joto yanayoandikwa kwenye pakiti za chumvi. Karibu theluthi mbili ya uzito wa thairoksini ni madini joto hayo. Ya pili ni T3, yenye atomu tatu. Tezi hutoa T4 kwa wingi na T3 kidogo. Lakini ile T4 ni kama mahindi ambayo hayajasagwa. Inafika kwenye ini, misuli na viungo vingine, na huko kimeng'enya chenye madini ya seleniamu huiondolea atomu moja ikawa T3. Hiyo T3 ndiyo unga. Huingia mpaka katika kiini cha seli, hushikana na vipokezi vyake, na kuziamuru jeni fulani zisomwe zaidi na nyingine zisomwe kidogo. Matokeo yake seli hutengeneza mitokondria zaidi, yaani majiko ya seli, na pampu zaidi za kusukuma sodiamu nje na kuvuta potasiamu ndani. Pampu hizo hula nguvu mchana na usiku. Moyo hupiga kwa kasi zaidi, mafuta huvunjwa, ini huondoa lehemu katika damu, na mwili hupata joto.

Angalieni kwamba hii si amri ya kupiga kengele. Ukikutana na nyoka njiani, homoni nyingine hukurusha kwa sekunde. Homoni ya tezi ya shingo hufanya kazi kwa siku na majuma, kwa maana inabadilisha vitu ambavyo seli inajenga. T4 iliyomo katika damu huchukua siku 7 hivi kupungua nusu. Tezi yenyewe ina ghala la kutosha miezi miwili au mitatu. Ndiyo sababu ugonjwa wake hunyemelea, na mgonjwa huwa wa mwisho kujua. Mwili pia una busara yake hapa. Mtu akikaa siku kadhaa bila chakula, viungo hupunguza kugeuza T4 kuwa T3, moto ukashushwa ili akiba isiishe upesi.

Ile TSH sasa. Wenzangu wa serikalini wataelewa upesi kuliko wengine. Ubongoni, mahali paitwapo haipothalamasi, yupo Katibu Mkuu. Chini yake, katika tezi ndogo ya pituitari yenye ukubwa wa punje ya njegere, yupo Mkurugenzi. Shingoni yupo mpishi. Katibu Mkuu humwandikia Mkurugenzi, naye Mkurugenzi humwandikia mpishi: pika. Barua hiyo ya Mkurugenzi kwa mpishi ndiyo TSH. Mpishi akipika vya kutosha, chakula husafiri kwa damu mpaka mezani kwa wakubwa wenyewe. Wakionja na kutosheka, hupunguza barua. Kikipungua, huandika barua za kukumbusha, na za kukumbusha ukumbusho. Kwa hiyo TSH zaidi ya 60 haikuwa sifa. Ilikuwa ni rundo la barua zisizojibiwa. Mpishi wangu alikuwa anauawa polepole na askari wa mwili wangu mwenyewe, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu lakini wakakosea adui. Daktari wa Kijapani Hakaru Hashimoto ndiye aliyeeleza tezi za namna hiyo mwaka 1912.

Dawa yake ni rahisi kiasi cha kumtia mtu haya. Ni thairoksini yenyewe, iliyotengenezwa kiwandani, kidonge kimoja kila alfajiri kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, na chai inasubiri nusu saa au zaidi. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu havimezwi pamoja nacho, kwa sababu huizuia dawa isiingie mwilini. Kisha unangoja majuma sita hadi manane ndipo upimwe tena, kwa ajili ya ule mwendo wa polepole nilioueleza. Katika juma la tano niliamka usiku nikaitupa blanketi. Mke wangu alicheka mpaka watoto wakaamka. Barua ya mkuu wangu niliijibu kwa kuambatanisha karatasi ya maabara, naye akaniita ofisini kwake, akanipa pole, na jambo likaishia hapo.

Nisipowataja waliotangulia nitakuwa mwizi wa fadhila. Daktari mpasuaji Theodor Kocher wa mji wa Bern, Uswisi, aliwaondolea watu wengi uvimbe wa tezi hii, na mwaka 1883 alitangaza mwenyewe, bila kuficha, kwamba wengi kati ya wale aliowaondolea tezi yote walikuwa wamegeuka: wamevimba uso, wanasikia baridi, akili zimekuwa nzito. Akaacha kuitoa yote. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel, nami naona lile tangazo lilistahili tuzo kuliko kisu chake. Mwaka 1891, George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mama mmoja wa miaka 46 maji yaliyokamuliwa katika tezi ya kondoo. Mama yule alikuwa amefikia hali yangu, tena mbaya zaidi. Aliishi miaka 28 mingine kwa dawa hiyo, akafariki mwaka 1919 akiwa na miaka 74. Kondoo waliotumika kwa ajili yake peke yake walizidi 870. Hivyo kidonge changu kidogo ninakiheshimu.

Na kwa vijana wa baiolojia: mwaka 1912, J. F. Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya farasi. Waligeuka vyura kabla ya wakati wao, vyura wadogo mno. Kiluwiluwi asiyepata homoni hiyo hubaki kiluwiluwi. Kumbe tezi hii haishughulikii joto peke yake, inashughulikia na ukuaji, na katika binadamu kiungo kinachoingojea kuliko vyote ni ubongo wa mtoto aliye tumboni. Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto hana homoni yake mwenyewe, anategemea ya mama tu.

Sasa nifike kwenye deni.

Tulikuwa na mwenzetu hapa, darasa langu na bweni langu, aliyetoka milima ya Ukinga, huko Makete. Alikuwa na uvimbe mbele ya shingo, rovu, si kubwa sana, lakini ukikaa ubavuni kwake unaliona. Alivaa sweta saa sita mchana. Alitembea polepole, alijibu polepole, na masomo ya jioni yalimkuta amelala juu ya daftari. Tulimpa jina la utani ambalo sitalitamka mbele ya wageni. Mwaka 1997 mimi nikawa kiranja wa bweni. Nililikuta daftari la wavivu, na kwa bidii ya kiranja mpya nikaliandika jina lake juma baada ya juma. Adhabu yake ilikuwa kung'oa kile kisiki cha mwembe nyuma ya bwalo hili. Wenye umri wangu wanakifahamu. Baada ya likizo ya mwezi wa sita hakurudi shuleni, wala sikuuliza habari zake.

Nilipokuwa nasoma vitabu kuhusu ugonjwa wangu, nikakutana naye katika kurasa zile. Mrudieni yule mpishi wetu. Safari hii hana kosa na hauawi na mtu, ila ghalani hamna unga, yaani hamna madini joto. Barua za Mkurugenzi zinakuja. Afanye nini? Anaongeza masufuria, anapanua jiko, anakwangua kila punje iliyobaki sakafuni. Jiko linakua mpaka linaonekana nje. Hilo ndilo rovu. Mara nyingi upanuzi huo hufaulu, na mtu mwenye rovu akawa na homoni ya kutosha kabisa. Mara nyingine haufaulu.

Ukinga ni mfano unaojulikana. Mvua za enzi na enzi zimeosha madini joto katika udongo wa milimani, na mazao ya huko hayana cha kuwapa watu. Daktari Michael Latham alichapisha uchunguzi wake wa rovu la Ukinga mwaka 1965. Mahali pengine muhogo huongeza taabu. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huacha kitu kinachozuia tezi kunyakua madini joto machache yaliyopo, na jambo hilo lilichunguzwa sana katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, huko Kongo. Wala mtu wa pwani asijivune. Chumvi ya bahari, kama haikutiwa madini joto, haina ya kutosha. Uchunguzi uliofanyika Unguja na Pemba mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliwakuta watoto wengi wa shule wana rovu, na bahari imewazunguka.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito 250. Nimepiga hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu: maikrogramu 150 kila siku kwa miaka 70 hazifiki gramu nne. Kwa ukosefu wa gramu nne katika maisha yote, mtu anafungwa jiko.

Nchi yetu haikukaa kimya. Tangu mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na kanuni za kutia madini joto katika chumvi zikatoka mwaka 1994. Rovu miongoni mwa watoto wa shule lilishuka kutoka asilimia 25 hivi katika miaka ya 1980 hadi asilimia 7 hivi mwaka 2004. Kulikuwa na tahadhari pia. Katika nchi kadhaa, Zimbabwe na Kongo zikiwamo, baadhi ya watu wazima wenye rovu la miaka mingi walipopata madini joto kwa ghafla tezi zao zilizidisha kazi, mioyo ikaenda mbio. Mwaka 2009 wachumi watatu waliandika kwamba watoto wa Tanzania ambao mama zao walipata vile vidonge wakiwa wajawazito walisoma kati ya theluthi na nusu ya mwaka zaidi ya wenzao, hasa wasichana. Wengine waliorudia hesabu hiyo baadaye waliitilia shaka, nami kama mtu wa takwimu nimeona hoja zao zina uzito. Lakini kwamba ubongo wa mtoto tumboni unahitaji homoni ya mama, hilo halibishaniwi.

Nilimtafuta yule ndugu. Nilimpata mwaka 2021 kwa njia ya mtu aliyesoma naye shule ya msingi. Ni fundi seremala, ana watoto wanne, na akipokea simu bado ananiita Kiranja. Nilimwomba radhi kwa maneno marefu niliyokuwa nimeyaandika. Nikamsihi akapime, nikamlipia nauli. Vipimo vilitoka vizuri: rovu lipo, homoni inatosha. Nilitegemea, niseme kweli, kwamba karatasi ya maabara ingenifungia hesabu kama ilivyonifungia ile ya ofisini. Haikufunga. Daktari alisema damu ya mwaka 2021, baada ya miaka mingi ya chumvi nzuri, haiwezi kutoa ushahidi wa mwaka 1997. Huenda jiko lake lilikuwa linazimika. Huenda alikuwa mtoto aliye mbali na kwao, mwenye baridi na usingizi. Kwangu mimi ni mamoja, kwa sababu katika daftari lile hapakuwa na safu ya kuuliza.

Mwenyewe aliniuliza jambo moja tu: kile kisiki kilitoka? Nikamwambia hakikutoka. Asubuhi ya leo nimekipitia, kipo, kuku wa shule wanalala juu yake. Nimempigia kumwarifu.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaangalia saa. Namaliza na tangazo. Nimekuja na vichupa viwili vya maji ya kupimia chumvi. Unaweka chumvi kwenye kisahani, unadondosha tone. Chumvi ikigeuka rangi ya zambarau, ina madini joto, na ikibaki nyeupe, haina. Ndugu Mkuu wa Shule ametoa ruhusa tupime gunia lililoko stoo. Mpishi naye amekubali, baada ya kumhakikishia kwamba huu si ukaguzi. Namwomba tu gunia lisikae wazi karibu na mvuke, na chumvi itiwe chakula kikikaribia kuiva, kwa maana joto na unyevu hupunguza kilichomo. Vijana wa kidato cha pili wanaotaka kudondosha matone wanikute mlangoni pa jiko baada ya chai. Kila mmoja aje na chumvi kidogo kutoka kwenye sanduku lake la bweni, maana najua mnayo.